Vitabu vya zamani vibaki shuleni, lakini nusu ya safari ya mbayuwayu iandikwe huku

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwamba vitabu vya hadithi vya Waingereza vinavyoletwa mashuleni kwa msaada vitolewe vyote, kwa sababu ni vya kikoloni na vinawafundisha watoto wetu kujidharau. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Pangani. Tangu nistaafu nasaidia kutunza maktaba ya shule moja ya jirani, chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya majembe, na maboksi hayo anayoyalalamikia yanapita mikononi mwangu. Hasira yake naielewa. Lakini dawa anayoitaka haitibu, na ugonjwa wenyewe ameutaja nusu tu.

Boksi la karibuni lilikuwa na vitabu vya aina mbili. Bila shaka vilikuwa mali ya mtu mmoja, maana jina ni lilelile kwenye kila jalada la ndani. Nusu ni vitabu vya kutazama ndege, vyenye michoro ya rangi na ramani. Nusu nyingine ni hadithi za watoto za miaka ya 1930 na 1940. Nilipovipanga mezani nikaona kwamba vitabu hivi ni ndugu wa damu. Mgeni mwenye darubini na daftari anafika mahali, anachora ramani, anavipa vitu majina, kisha anarudi kwao. Waliokuwapo pale kabla yake wanaonekana kwa mbali.

Nianze na kimoja ambacho najua msomaji mwenzangu angekitupa wa kwanza, Swallows and Amazons cha Arthur Ransome, kilichotoka mwaka 1930. Watoto wanne wa afisa wa jeshi la majini la Uingereza wako likizo kwenye ziwa kaskazini mwa nchi yao. Wana mashua ndogo ya tanga yenye jina la mbayuwayu, wanaruhusiwa kulala peke yao kisiwani, na kuanzia hapo ziwa zima linageuka kuwa himaya. Wao ni wavumbuzi, kisiwa ni nchi mpya, na watu wazima wote wa pale, akiwemo mama yao mzazi, ni wenyeji wa kuendewa kwa tahadhari. Msituni wanakutana na wachoma mkaa wawili, mzee na mwanawe ambaye naye amezeeka. Hao, katika mchezo wa watoto, ndio washenzi.

Nilikisoma kipande hicho mbele ya Darasa la Sita, nikitafsiri papo hapo. Wazee wale wa Kiingereza wanalifunika tanuri lao kwa udongo, wanalilinda usiku na mchana, na mwali ukitokeza wanauziba haraka kabla mkaa haujawa majivu. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye babu yake anaishi kwa kazi hiyohiyo, alinyoosha mkono akauliza kwa nini wale watoto walisimama tu kutazama wakati kuna kazi ya kuziba. Kisha akalieleza darasa jinsi moshi unavyobadilika: mzito na mweupe mwanzoni wakati kuni zinatoa maji, halafu mwepesi wa bluu mkaa unapokaribia kuiva. Wenzake wakamuuliza maswali, akajibu yote. Baada ya muda mfupi wale walioitwa washenzi ndio waliokuwa mafundi wa darasa, na manahodha wa likizo ndio wageni wasiojua kitu. Tulipofika mahali ambapo wachoma mkaa wanaonyesha nyoka wao, wanayemweka kwenye boksi la sigara kwa ajili ya bahati, darasa lilikataa katakata kuamini kwamba Mzungu naye ana mambo ya namna hiyo. Sikuwa na haja ya kuwahutubia kuhusu ukoloni. Kitabu kilijieleza chenyewe, na watoto wakakijibu.

Ransome huyohuyo aliandika vitabu vingine ambavyo ndani yake watoto wanalinda ndege. Katika kimoja cha mwaka 1934 wanalinda viota vya ndege wa majini kwenye mito na mabwawa ya Norfolk. Katika kingine, cha mwaka 1947, wamefika visiwa vya kaskazini magharibi mwa Skotlandi na mvulana mmoja mwenye miwani anamwona ndege mzamiaji akiwa kwenye kiota, mahali ambapo vitabu vinasema hajengi. Kwa furaha yake anamwonyesha bwana mmoja mkusanya mayai, na bwana yule anataka kumpiga risasi ndege na kuchukua mayai ili avumbue kitu kabla ya wengine. Sehemu kubwa ya kitabu ni vita ya watoto dhidi ya bunduki ile. Huu haukuwa mchezo wa kalamu tu: Uingereza wakati ule ilikuwa na wakusanyaji wa mayai wengi, watu wenye heshima zao, wenye makabati ya droo zilizojaa maganda ya mayai yaliyotobolewa na kupulizwa mpaka yakabaki matupu. Sheria ya mwaka 1954 ndiyo iliyowabana.

Nawaambia wasomaji wako, sijapata somo lililowatikisa wavulana wenye manati kama lile. Mimi nimewakataza manati maisha yangu yote ya ualimu na hawakunisikia. Mvulana wa hadithi aliwaingia. Walibishana mpaka kengele ya kurudi nyumbani, wakaafikiana kwamba mtu akikuta kiota asimwonyeshe mtu mzima yeyote mwenye tamaa. Sheria hiyo wameitunga wenyewe na nimeiandika ukutani.

Ndani ya kitabu hichohicho, hata hivyo, wenyeji wa kisiwa, Waskoti wenye lugha yao ya Kigaeli, wanatokea kama watu wa kuogopwa wanaowavizia wageni kutoka nyuma ya vilima. Kwa hiyo dharau ile haikusubiri kufika Afrika. Ilianzia jirani, juu ya mchoma mkaa na mvuvi wa kisiwani, na ilipopanda meli ilikuwa imeshazoea kazi. Hilo nalo mtoto wa Pangani anastahili kulijua, na hawezi kulijua kama kitabu kimechomwa moto.

Sasa niseme ugonjwa ninaouona mimi, ambao ni mkubwa kuliko neno baya kwenye ukurasa huu au ule. Mbayuwayu ni ndege wa hadithi za watoto wa Ulaya kama sungura alivyo wa kwetu. Hans Christian Andersen wa Denmark, mwaka 1835, aliandika juu ya kasichana kadogo kama kidole gumba kanakomtunza mbayuwayu aliyezimia kwa baridi, na ndege akapona, akakabeba mgongoni mpaka nchi za joto. Katika nchi hizo kuna malimau, kuna zabibu, kuna magofu ya nguzo za marumaru, na juu ya nguzo hizo mbayuwayu wamejenga viota vyao. Watoto wa nchi hiyo wanapita njiani tu, wakicheza na vipepeo. Anayepewa nafasi ni mwana wa mfalme mweupe ndani ya ua.

Miaka hamsini na kitu baadaye, mwaka 1888, Oscar Wilde akachapisha hadithi ya sanamu ya mwana wa mfalme na mbayuwayu aliyechelewa kuondoka. Nakiri naipenda kuliko hadithi nyingi nilizowahi kufundisha. Kila nikifika pale ndege anapong'oa johari za macho ya sanamu kuwapelekea maskini, sauti yangu inakwama. Lakini sikilizeni anachokisimulia ndege yule kuhusu huku anakotaka kwenda. Anasimulia ndege wekundu kandokando ya Mto Nile. Anasimulia mfalme wa Milima ya Mwezi, mweusi kama mpingo, anayeabudu fuwele kubwa, jiwe linalopenya mwanga kama kioo. Anasimulia joka la kijani linalolala juu ya mtende na makuhani ishirini wanaolilisha maandazi ya asali, na watu wafupi wanaosafiri juu ya ziwa kubwa kwa kutumia majani mapana, wenye vita ya kudumu na vipepeo. Na mbayuwayu mwenyewe hafiki. Anakufa kwa baridi miguuni pa sanamu.

Hadithi hiyo ilitoka Mei 1888. Agosti ya mwaka huohuo Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake hapa Pangani, na watu wa hapa, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, wakainuka. Vita ikaenea mrima wote. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa hapahapa mjini kwetu. Hemedi bin Abdallah aliyaandika mambo hayo kwa utenzi, beti kwa beti, na wazee wangu walikuwa wanajua vipande vyake kwa moyo. Kwa hiyo wakati mtoto wa London anasomewa habari za joka la kula maandazi, mbayuwayu halisi, yule aliyeondoka kwenye paa la banda la ng'ombe Uingereza, alikuwa anapita juu ya Afrika iliyokuwa inagawanywa. Wilde hakuwa mtu wa ukatili, na simlaumu kwa asichokiona. Ninachosema ni kwamba nusu ya mwaka wa ndege huyu ilikuwa giza kwa waandishi wake, na giza hilo wakalijaza vioo na nyoka. Karne moja na zaidi imepita, na nusu ile bado ni tupu katika vitabu vya watoto, vyao na vyetu.

Watu wazima wa Ulaya walikuja kujua baadaye kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1822, kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa anaruka huku shingo yake imepenywa na mkuki wa mti wenye urefu wa karibu sentimita 80. Mkuki ulikuwa wa Afrika. Korongo huyo yuko hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mkuki wake shingoni. Kabla ya hapo walikuwepo wasomi wa heshima waliodai kwamba ndege wakati wa baridi hulala chini ya matope ya ziwa. Mwindaji Mwafrika, ambaye alikuwa anatafuta kitoweo tu, aliwapa ushahidi ambao hawakuwa nao. Mbayuwayu alisubiri zaidi. Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire alimfunga mbayuwayu pete ndogo mguuni, na Desemba 1912 ndege yule akapatikana Natal, Afrika Kusini. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba mbayuwayu wa Uingereza anafika mpaka mwisho wa bara letu.

Na akiwa huku anafanya nini? Hajengi kiota, Andersen alikosea hapo. Wale mnaowaona wakijenga kwa udongo chini ya dari za baraza zetu ni mbayuwayu wengine, wa hapahapa. Huyu msafiri ana koo na paji la uso vya rangi ya kutu, mgongo wa bluu iliyokoza na mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Anashinda akikamata wadudu hewani na usiku analala kwa makundi makubwa kwenye matete. Kazi yake kubwa huku ni kubadilisha manyoya. Unyoya mmoja mmoja wa bawa unadondoka na mwingine unaota, pole pole, ili asishindwe kuruka, mpaka bawa zima linakuwa jipya. Maana yake, mbayuwayu anayepokelewa kwa shangwe Ulaya mwezi Aprili kama ndege wao aliyerudi nyumbani amevaa mabawa yaliyoota Afrika, kwa chakula cha mbu na kumbikumbi wa Afrika.

Niliwaeleza hayo wanafunzi wa Darasa la Tano, nikawaambia waandike sura ambayo Wilde hakuiandika, ya mbayuwayu aliyefika. Binti mmoja aliandika hivi, nanukuu kwa ruhusa ya mama yake: "Mbayuwayu alifika akatua kwenye waya wa umeme karibu na mashine ya kusaga. Nilimuuliza kwa nini hajengi. Akasema mimi hapa nimekuja kubadilisha nguo, nyumba yangu iko kwa wale wenye baridi. Nikamwambia basi kaa, lakini usimwogope bibi, anapepeta tu." Mwandishi yeyote wa Ulaya, hata awe bingwa namna gani, asingeiandika sentensi ile ya mwisho, kwa sababu hajawahi kuona mbayuwayu akipita chini chini karibu na ungo unaopepetwa.

Nigeukie vitabu vya ndege vyenyewe. Kwenye boksi kulikuwa na nakala chakavu ya mwongozo wa J. G. Williams wa mwaka 1963, na mwongozo mpya zaidi wa Stevenson na Fanshawe wa mwaka 2002, wenye ndege zaidi ya 1,300 wa Afrika Mashariki. Ni kazi kubwa na ninaitumia kila siku. Kitu kinachonikera kiko kwenye majina. Panda kutoka Muheza mpaka Amani, kwenye milima yetu ya Usambara. Yuko pale ndege mdogo wa kijivu, wa jamii ya wale wanaoshona majani kutengeneza kiota, ambaye haonekani sehemu nyingine za dunia isipokuwa huko na kaskazini mwa Msumbiji. Anaitwa kwa jina la Moreau. Reginald Moreau alikuwa mhasibu Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kuanzia 1928 mpaka 1946, na akawa mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya ndege wa Afrika. Kuna ndege aina ya chozi mwenye jina lake pia, na kuna ndege wa milima ya Uluguru aliyepewa jina la mkewe, Winifred, mwaka 1938. Sina ugomvi nao. Moreau alifanya kazi huku akiumwa viungo, na aliyoyaandika kuhusu safari za ndege kati ya Ulaya na Afrika bado yanasomwa.

Lakini Moreau hakuvipata viota peke yake msituni. Alikuwa naye Salimu Asmani, mtu wa huku, aliyekuwa macho na masikio yake. Mtafute Salimu kwenye kitabu cha ndege cha mfukoni, hayupo. Nilimjua kupitia kitabu cha mwanahistoria wa Marekani, Nancy Jacobs, cha mwaka 2016, ambacho alinitumia mwanafunzi wangu wa zamani anayesoma nje. Humo nimemkuta pia Jali Makawa wa Nyasaland, Malawi ya leo, aliyefanya kazi miaka mingi na mtaalamu aitwaye Benson. Septemba 1964, wiki chache kabla ya Zambia kupata uhuru, walipata huko kaskazini magharibi mwa nchi hiyo kandege ambako hakajawahi kupatikana kengine mfano wake, na Benson na mwenzake wakakapa jina la kisayansi la makawai. Utafiti wa vinasaba wa 2021 unaelekea kusema kwamba si aina ya pekee. Sawa, lakini heshima imeshaandikwa na haifutiki. Jambo liliwezekana kumbe.

Na wasomaji wa Kenya watanisaidia kwa upande wa pili wa sarafu. Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Uingereza, ndiye aliyempiga risasi Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitishwa kwa maneno ya amani. Mtu huyo huyo alisifiwa maisha yake yote kama bingwa wa ndege, akaipa makumbusho ya London maelfu ya ndege waliokaushwa. Alipokwisha kufa ikagundulika kwamba wengi aliwaiba katika makusanyo ya wengine, akawabandika vibandiko vya uongo, kwamba nimempata mahali fulani, tarehe fulani. Kuna bundi mdogo wa India aliyedhaniwa ametoweka kabisa, na waliomtafuta walipotoshwa na kibandiko chake. Wataalamu walipoachana na maneno ya Meinertzhagen wakaenda kwenye maeneo ya zamani ya kweli, wakampata mwaka 1997. Mtu aliyedanganya juu ya kilichotokea Nandi alidanganya pia juu ya bundi. Sisemi hivi ili watoto wachukie darubini. Nasema wajue kwamba kitabu cha ndege nacho kinaandikwa na mtu, na mtu huyo aulizwe maswali kama tunavyomuuliza mwandishi wa hadithi.

Watu wengine watasema Waswahili tulikuwa na vitabu vyetu. Tulikuwa navyo, lakini tazama vilikotoka. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitutafsiria kutoka Kiingereza Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa Kiswahili ambacho hata leo natamani wanafunzi wangu wangekiandika. Baba yangu alikuwa na nakala ya kile cha kwanza na nilikisoma mpaka jalada likatoka. Mwaka 1940 akaja Elisi katika Nchi ya Ajabu, na wachoraji wakamchora Elisi kama msichana wa Kiafrika. Katika hadithi hiyo ya Elisi yumo dodo, mzee mcheshi anayetangaza kwamba wote wameshinda na wote wapate zawadi. Dodo alikuwa ndege wa bahari yetu hii, kisiwani Mauritius, na hazikupita hata karne moja baada ya Waholanzi kushuka pale mwaka 1598 akawa amekwisha. Mtoto anamjua kwa ucheshi wake tu.

Wala sisi wenyewe si wasafi. Hadithi zetu zimemfanya bundi kuwa mleta kifo, na nimeona kwa macho yangu bundi akiuawa kwa mawe kwenye mwembe wa shule huku watu wazima wakishangilia, wakati ghala la mahindi la kijiji limeliwa na panya. Bundi yule alikuwa anakula panya usiku kucha. Pemba, katika msitu wa Ngezi, kuna bundi mdogo asiyepatikana popote duniani isipokuwa kisiwa kile. Afisa mmoja wa kikoloni, Pakenham, ndiye aliyemtangaza kwa wanasayansi mwaka 1937. Mtoto wa Konde analala akimsikia. Nani amemwandikia mtoto huyo hadithi ambayo bundi wake ni mtu mwema?

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu kwa msomaji mwenzangu ni kwamba tuache kuhangaika na nini kitolewe kwenye rafu, tuhangaike na nini kiongezwe. Mwaka 1906 Waswidi walipata kitabu cha aina ninayoitamani. Chama cha walimu wao kilimwomba Selma Lagerlöf aandike kitabu cha jiografia cha shule, naye akaandika habari za mvulana mtukutu anayezungushwa nchi nzima mgongoni mwa bata bukini wa kufugwa, pamoja na bata bukini wa porini. Watoto wakajifunza mito na milima ya kwao wakidhani wanasoma hadithi. Sisi tuna korongo mweupe. Anakuja kwetu wakati wa mvua na kushuka kwenye mashamba kula viwavijeshi, jambo ambalo wakulima wa Handeni wanaweza kulieleza kuliko profesa. Akiondoka anafuata Mto Nile, anapita Sinai, anavuka mlango wa bahari pale Istanbul, kwa sababu mabawa yake yanategemea hewa ya moto inayopanda kutoka nchi kavu na hathubutu kukata katikati ya Mediterania. Safari hiyo ni somo la jiografia la mwaka mzima, kama atapatikana mwandishi wa kumpandisha mtoto wa Handeni mgongoni.

Nawaomba wachapishaji wetu na Taasisi ya Elimu Tanzania wafikirie kitabu kidogo cha ndege kwa watoto, kwa Kiswahili, cha bei ambayo mzazi wa mkonge na uvuvi ataimudu. Madukani Tanga nimetafuta sijakipata. Wasianze na ndege 1,300. Waanze na wale ambao mtoto anakutana nao kati ya nyumbani na shule: yangeyange, mdiria, chozi, keremkerem, hondohondo, dudumizi anayeita mvua, kunguru hawa walioletwa Zanzibar wakati wa Waingereza ili wale takataka na sasa wametapakaa pwani nzima wakimaliza vifaranga vya ndege wengine. Kila ukurasa uandikwe jina la mzee, mvuvi au mkulima aliyetoa maelezo. Hilo nalisisitiza. Salimu Asmani wa safari hii awe na jina kitabuni tangu chapa ya kwanza.

Na kwako, Mhariri, ombi ni dogo zaidi. Gazeti lako lina ukurasa wa watoto kila Jumamosi. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili, toeni pale nafasi ya aya chache ambapo shule yoyote itatuma tarehe iliyomwona mbayuwayu wa kwanza, mahali alipotua na alichokuwa anakifanya, kwa maneno ya mtoto mwenyewe bila mwalimu kuyanyoosha. Walimu wenzangu waliostaafu Rufiji, Kilwa, Pemba na Mombasa wanaweza kusimamia upande wao. Sura za Darasa la Tano la huku ziko tayari, zimeandikwa kwa wino kwenye daftari moja, na nitazileta mwenyewe ofisini kwako Tanga mara utakaposema ndiyo.

Mwalimu mstaafu,
Pangani, Tanga